Chungu Kisitozwe Sawa na Rozari

Kila Septemba waumini wa kanisa la Legio Maria humiminika Got Kwer, kaunti ya Migori, kumkumbuka Simeo Ondeto, kiongozi wao aliyefariki mwaka 1991 na kuzikwa huko. Wanapofika mahujaji, wachuuzi hawako mbali. Wapo wanaonung'unika kwamba biashara inachafua mahali patakatifu. Mimi sioni hivyo. Hujaji hula, hununua mshumaa, na angependa kurudi nyumbani na kitu mkononi.

Linalonisumbua ni nani anayefaidi. Rozari na picha hutoka kiwandani. Katoni moja hubebwa na pikipiki. Mfinyanzi wa Kijaluo hana njia hiyo ya mkato. Anajenga chungu kwa mikono, bila gurudumu, akipandisha udongo pindo juu ya pindo, kisha anabingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi ili iache nakshi. Anakikausha, anakichoma kwa moto wa wazi, na kikipasuka hasara ni yake. Wengi wa akina mama hawa hawakufunzwa na mama zao. Walifunzwa na mama mkwe, baada ya kuolewa. Kwa hiyo mke wa mwana asipoona faida, ufundi unakatikia papo hapo bomani. Jerikani la plastiki limeshafanya nusu ya kazi ya kuuangamiza.

Sasa mwekeeni mama huyo ushuru wa siku unaohesabiwa kwa nafasi. Vyungu kumi vinajaza kibanda kizima na huenda viuzwe viwili. Muuza rozari anatandaza kitambaa kimoja na mauzo yake hayana kikomo. Kiwango ni kimoja, mzigo si mmoja.

Najua kaunti inahitaji fedha: umati huo unataka vyoo, maji na mtu wa kuzoa taka. Basi itoze bidhaa za kiwandani, wafinyanzi na wasuka mikeka wasamehewe siku za hija, na kanisa liwatengee sehemu karibu na njia, si nyuma ya magari. Katiba ya 2010 imezipa kaunti mamlaka juu ya masoko na shughuli za utamaduni pia, kwa hiyo kisingizio kwamba uamuzi uko Nairobi hakipo.

Muswada wa fedha wa kaunti hujadiliwa kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Akina mama wafinyanzi, msiwaachie wenye maduka peke yao kikao hicho.