Ubao wa Sakafu Usiopatikana Dukani

Nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao huwa na vipimo vyake. Mama wa nyumba ameona ubao mmoja unabonyea karibu na mlango. Mumewe aupima, ni inchi saba. Dukani zipo za sita na za nane tu. Wengi hununua ule wa sita, kisha huziba pengo kwa kipande chembamba. Kipande hicho hupasuka kwa misumari, na anayekigundua kwanza ni mtoto apitaye bila viatu.

Heri ununuliwe wa inchi nane, upasuliwe kwa urefu na kupigwa randa hadi saba. Upana si taabu. Taabu ni unene. Ubao wa inchi moja, yaani milimita 25, ukisharandwa hubaki kama milimita 20 au zaidi kidogo, na tofauti hiyo yatosha kumkwaa mzee usiku. Ulio mwembamba huinuliwa kwa vibao vya mti mgumu juu ya kila boriti. Ulio mnene huchongwa chini, pale tu unapolalia boriti. Mbao mbichi zisitumike, kwani husinyaa.

Lakini kwanza itazamwe kilichoozesha: bomba livujalo, mchwa, au matundu ya hewa yaliyozibwa chini ya ukuta. Kisipoondolewa, hata mvule utateketea.

Mafundi wengine hung'oa mbao za zamani zilizo chini ya kabati, wakazileta mlangoni. Mpya, zisizolingana, zikaenda kujificha huko.