Maji Katika Mlango wa Motokaa

Watu wengi hudhani ya kuwa mlango wa motokaa umeundwa ili maji yasiingie ndani yake kabisa. Sivyo hivyo. Mvua inyeshapo, maji huteremka juu ya kioo, hupenya penye mpira ulio ukingoni mwa dirisha, huingia katika tumbo la mlango, kisha hutoka chini kwa matundu madogo yaliyotobolewa kwa makusudi. Kazi ya mlango si kuyakataa maji bali kuyaongoza njia, kama mfereji uongozavyo maji ya paa.

Ni kitu gani basi kiyazuiacho maji hayo yasiwafikie watu waliokaa ndani? Nyuma ya kifuniko cha ndani cha mlango, yaani kile chenye mahali pa kuwekea mkono, pana bati lenye matundu makubwa ambamo fundi hupitisha mkono wake atengenezapo mashine ya kuinulia kioo. Juu ya matundu hayo hubandikwa kiwandani karatasi ya plastiki, nayo hushikwa pande zote kwa gundi nyeusi yenye kunata kama ulimbo. Mara nyingi gundi hiyo hutengenezwa kwa mpira wa butili, uliovumbuliwa Marekani mwaka 1937 na William Sparks na Robert Thomas. Sifa ya mpira huo ni kwamba hewa na maji huupenya kwa shida sana. Ndiyo sababu umetumika sana kwa tyubu za magurudumu.

Lakini hakuna ulimbo udumuo milele. Katika motokaa nyingine hukauka na kupasuka. Katika nyingine joto la jua huulainisha hata ukatiririka. Nchini Kenya motokaa kuukuu huweza kuingizwa ikiwa haijapita miaka 8 tangu iandikishwe mara ya kwanza. Motokaa iliyofika ikiwa na umri wa miaka 7, kisha ikamtumikia mwenyewe kwa miaka 10, gundi ya milango yake imekwisha kuwa na miaka 17.

Hata hivyo, adui mkubwa kuliko umri ni mkono wa fundi mwenye haraka. Kioo kikikwama, fundi hung'oa karatasi ile, hutengeneza kioo, kisha hurudisha kifuniko bila karatasi, au huibandika tena kwa gundi iliyokwisha kujaa vumbi. Mwenye motokaa huondoka akiwa amefurahi, kwa kuwa kioo chapanda na kushuka. Masika yafikapo, zulia hulowa na kunuka. Hapo hudhani kwamba mpira wa kioo cha mbele umeharibika. Hununua mwingine, na maji yangali yakiingia. Wakati huo bati la sakafu laliwa na kutu chini ya zulia, mahali asipopaona, na nyaya za umeme zipitazo hapo huanza kuharibika. Mtu aliyekopa fedha katika chama cha akiba na mikopo ili apate motokaa ya kupelekea maziwa sokoni hana mali ya kupoteza kwa namna hiyo. Bandu bandu huisha gogo.

Kuujua ugonjwa si kazi ngumu. Zulia likaushwe, madirisha yafungwe, na mtu mmoja amwage maji polepole juu ya kioo kwa nje, huku mwenzake ameketi ndani na kurunzi. Maji yakitokea chini ya kifuniko cha ndani, karatasi au gundi imeshindwa. Aliye nje naye atazame chini ya mlango. Asipoona maji yakidondoka, matundu yamezibwa na matope, nayo yazibuliwe kwa kijiti chembamba. Matundu hayo yasizibwe kamwe, hata kwa nia njema.

Kabla ya kufungua mlango wenye nyaya, yafaa kutenga betri na kungoja kwa dakika kadhaa, maana katika motokaa nyingine mlango una vyombo vya kuamsha mifuko ya hewa wakati wa ajali. Karatasi ibanduliwe polepole, gundi ikikatwa kwa kisu mahali inapong'ang'ania. Mabaki yaondolewe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, kisha bati lioshwe kwa maji ya sabuni na kukaushwa kabisa. Gundi mpya haishiki penye mafuta wala vumbi. Ukanda mpya wa butili uzungushwe pote bila kuacha pengo. Karatasi iliyoraruka ikatiwe nyingine ya plastiki nene kwa kipimo kile kile, na ncha yake ya chini iingizwe ndani ya mlango kama ilivyokuwa, ili maji yaigusayo yarudi katika njia yake.

Silikoni yenye harufu ya siki haifai kwa kazi hii. Inapokauka hutoa asidi ambayo hula bati, na mabaki yake huifanya rangi isishike.

Pana mahali pa pili pa kuangaliwa, napo ni ukingo wa chini wa mlango, ambapo bati la nje limekunjwa juu ya bati la ndani na mkunjo ukazibwa kiwandani. Uzibo huo ukipasuka, maji hunyonywa mkunjoni na kutu huanzia ndani. Rangi ikifura malengelenge, kutu imekwisha kufanya kazi kwa muda mrefu. Katika miji ya pwani, penye hewa ya chumvi, jambo hili huenda mbio zaidi. Uzibo mbovu ukwanguliwe, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha mkunjo uzibwe kwa dawa ya poliyurethani na kupakwa rangi juu yake.

Kazi ya mlango mmoja haizidi nusu ya siku, na ukanda wa butili si kitu cha gharama kubwa kulinganishwa na kuchomelea sakafu mpya. Na motokaa ikipelekwa kwa fundi kwa ajili ya kioo, mwenyewe asilipe kabla hajaiona karatasi imebandikwa mahali pake, na kifuniko kingali hakijarudishwa.