Neno Moja la Siri, Madaftari Mawili

Juma hili naomba niwatoe pwani kidogo, niwapandishe bara hadi Nyeri, mji ulio baina ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Nilikwenda huko mwishoni mwa mwezi wa Juni, majira ambayo wenyeji huvaa makoti mchana kutwa, na mlima wenyewe hukaa ndani ya mawingu bila kuonekana.

Kilichonipeleka ni kumzuru mpwa wangu, binti wa dada yangu. Watoto wetu wa pwani siku hizi hupangiwa na KUCCPS vyuo vya Nyeri, Karatina, Chuka na Meru, na baadhi yao wakimaliza masomo hupata riziki huko huko. Huyu alipata kazi ya ukarani katika ofisi ndogo ya kutunza hesabu. Alinipokea kituo cha matatu kwa shikamoo, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Nilipomuuliza, akasema: “Mjomba, ofisini naambiwa nimebadilisha neno la siri la mzee ili nimfungie nje ya faili zake.”

Naomba niieleze kadhia hii kwa utaratibu, kwa kuwa ndani yake mna somo kwa kila nyumba na kila ofisi.

Ofisi ile ina watu watano. Huwaandalia wakulima wa kahawa na wenye maduka ritani zao za ushuru, ambazo mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Faili zote hutunzwa katika seva, yaani kompyuta moja isiyozimwa, na kila mfanyakazi huzifikia kutoka mezani pake kwa jina lake na neno lake la siri. Seva hiyo huendeshwa kwa Linux, na kazi ya kugawa faili hufanywa na programu iitwayo Samba. Jina hilo halikutokana na ngoma ya Brazil. Programu ilianzishwa na Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu mjini Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alitafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B, kwa sababu SMB ndilo jina la lugha ambayo kompyuta za Windows huitumia kuombana faili. Samba hupatikana bila malipo, na ndiyo maana ofisi nyingi ndogo huitegemea.

Basi mfanyakazi mmoja alikuwa ameacha kazi, akaondoka akiyajua maneno ya siri ya wenzake, kwani walizoea kuazimana. Mzee mwenye ofisi akaamuru, na hapo alifanya la busara, kwamba wote wabadilishe. Mpwa wangu, kwa kuwa ndiye mwenye ujuzi kidogo, akapewa kazi hiyo. Akaingia katika seva, akatumia amri ya passwd, akambadilishia kila mmoja mbele ya macho yake. Seva ikajibu kwamba neno limebadilishwa. Wakaenda nyumbani wakiwa na amani.

Asubuhi yake mzee akaandika neno lake jipya, akakataliwa. Akaandika tena, akakataliwa. Wengine wote walifungua faili zao bila tabu yoyote. Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika mwisho wa ritani. Mzee akatazama, akaona ni yeye peke yake aliyefungiwa, na ni mtu mmoja tu aliyeigusa seva jana. Hukumu ikapita kabla ya ushahidi.

Siku ya pili akaitwa kijana fundi, mmoja wa waliosoma katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi hapo Nyeri. Mpwa wangu aliniomba niandamane naye, nami nikakaa pembeni kimya. Fundi hakumuuliza mtu nani kafanya nini. Alimwambia mzee: “Mzee, hebu andika lile neno lako la zamani.” Mzee akaandika, na faili zikafunguka. Ofisi nzima ikanyamaza.

Akaeleza. Katika seva ya namna hiyo, mtu mmoja huandikwa katika madaftari mawili. Daftari la kwanza ni la Linux yenyewe. La pili ni la Samba. Seva haihifadhi neno la siri kama lilivyo, bali hulisaga kwanza, na unga ndio unaowekwa. Mahindi yakishasagwa hayarudi kuwa punje. Zaidi ya hayo, vinu ni viwili tofauti, kwa kuwa lugha ya Windows hutaka unga wa aina yake, na Linux hutumia wa aina nyingine. Seva haiwezi kuutoa unga mmoja kutokana na mwingine. Kwa hiyo amri ya passwd ilibadilisha daftari la kwanza tu. La pili, ambalo ndilo mlango wa faili, lilibaki na maneno ya zamani.

Mbona basi wengine walifungua bila tabu? Kwa sababu Windows zao zilikuwa zimeyahifadhi maneno ya zamani na kuyatuma zenyewe kila asubuhi. Mzee peke yake alikuwa na desturi ya kuandika kwa mkono, akaandika jipya, akakataliwa kwa haki. Aliyetii amri ndiye aliyefungiwa, na wasiofanya kitu ndio waliopita.

Hapo mzee akashika kichwa, maana alikwisha kuliona lililo kubwa zaidi. Yule aliyeacha kazi bado angeweza kuingia. Mlango waliodhani wameufunga ulikuwa wazi siku mbili nzima, nao walikuwa wakimtazama kwa jicho baya binti aliyejaribu kuufunga.

Fundi akatengeneza kwa hatua ambazo nimeziandika hapa kwa faida ya vijana wetu wenye kazi kama hizo. Kwanza, kwa amri ya pdbedit -L alitazama ni nani walioandikwa katika daftari la Samba. Jina la aliyeondoka lilikuwapo, akalifuta kwa smbpasswd -x. Pili, kwa amri ya smbpasswd kila mtu akaandika neno jipya mwenyewe, wengine wakigeuza nyuso. Tatu, akafungua sehemu ambamo Windows huhifadhi maneno ya siri katika kila kompyuta, akafuta yale ya zamani, kisha akavunja miunganisho iliyokuwa wazi kwa net use. Asingefanya hivyo, kompyuta zingeendelea kutuma neno la zamani, na watu wangedhani jipya limekosewa. Nne, akamjaribu kila mtu kutoka meza isiyo yake, ili kuhakikisha kwamba ni neno linalofungua na si kumbukumbu ya kompyuta.

Aliongeza jambo la tano. Katika mipangilio ya Samba mna sentensi iitwayo unix password sync. Ikiwashwa, mtu anayebadilisha neno lake kwa njia ya Samba hupelekewa badiliko hilo hadi daftari la Linux. Lakini mto huo hutiririka upande mmoja. Anayeanzia Linux kwa passwd habadilishi kitu katika Samba. Aidha, Samba huzungumza na ile programu ya passwd kwa kusubiri maneno maalumu ya maswali yake, na maneno hayo yakitofautiana na yaliyoandikwa katika mipangilio, mazungumzo hukatika na badiliko hukataliwa. Mwenye kuiwasha na aijaribu kwanza kwa jina moja kabla ya kuwaambia wote.

Ndugu msomaji, usidhani haya ni ya maofisi tu. Simu iliyo mkononi mwako ina PIN ya laini na PIN ya M-Pesa. Ukibadilisha moja, nyingine haijui. Kile kisanduku cha intaneti sebuleni kina neno la kujiunga na neno jingine la kuingilia katika mipangilio yake. Mzazi hubadilisha la kwanza akadhani amemaliza, na la pili likabaki lile lililotoka kiwandani. Kila unapobadilisha ufunguo, rudi ujaribu ule wa zamani. Ukikataa, hapo ndipo umefunga.

Na jambo la amana. Tangu Novemba 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, inayomtaka anayehifadhi habari za watu azilinde. Mkulima aliyeleta namba yake ya kitambulisho na mapato yake aliiamini ofisi ile. Neno la siri linaloazimwa halimlindi, na likitokea la kutokea, halionyeshi nani alifanya nini. Laiti wasingekuwa wakiazimana, kuondoka kwa mtu mmoja kusingewatia hofu wanne waliobaki.

Mzee alimwita mpwa wangu mbele ya wote, akamwambia: “Binti yangu, nilikosea. Nisamehe.” Naye akajibu kwa sauti ndogo kwamba yamekwisha. Ritani zikapelekwa kwa wakati. Usiku ule, tukinywa chai ya tangawizi kwa baridi ile, aliniambia kwamba kilichomuumiza si tuhuma, bali ni kwamba hakuna aliyemuuliza alifanyaje. Angeulizwa angesema, nilitumia amri ya passwd, na fundi yeyote angejua papo hapo kosa liko wapi.

Tukutane juma lijalo, inshallah.