Aliyeshonwa Ngiri Asitwishwe Mzigo

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mgonjwa wa ngiri methali hii si fumbo. Ngiri ni ufa katika ukuta wa tumbo, misuli ikalegea hata utumbo ukapenya na kujitokeza chini ya ngozi. Daktari huuziba ufa huo kwa kuushona, na mara nyingi huuimarisha kwa wavu maalumu. Lakini kila mwashi anajua kwamba ukuta uliozibwa leo hautwishwi mzigo kesho.

Hilo ndilo linalosahauliwa Arusha na katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru. Mama wa Akheri hushuka na mkungu wa ndizi kwenda soko la Tengeru, akapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe. Mchukuzi wa soko la Kilombero hula kutokana na gunia alilolibeba siku hiyo. Watu kama hawa wakiambiwa "pumzika" bila kipimo, watapumzika hadi unga utakapokwisha. Ngiri ikirudi, upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza.

Kupumzika si kulala kitandani. Mgonjwa huhimizwa kutembea mapema ili damu isigande miguuni. Kinachokatazwa ni kunyanyua vitu vizito, kwa kawaida kwa muda wa majuma manne hadi sita, na zaidi ikiwa ufa ulikuwa mkubwa. Ale matunda na mboga, anywe maji, asije akajikamua chooni. Akiona homa, usaha, kutapika, au uvimbe mgumu wenye maumivu, akimbilie hospitali.

Lipo pia kundi jipya la wagonjwa. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma za kupunguza uzito, zikiwamo za upasuaji. Mtu mnene aliyepasuliwa tumbo kwa jeraha refu yumo katika hatari ya kuota ngiri kwenye kovu; matundu madogo hupunguza hatari hiyo. Huyu akishonwa ngiri huwa na mtihani wa ziada: tumbo lake limepunguzwa, hawezi kula sana, na kidonda hakiponi bila chakula cha kujenga mwili. Ale kidogo kidogo, mara nyingi, akitanguliza mayai, samaki, maharage na maziwa. Jamaa wasimcheke wala wasimlazimishe sahani iliyojaa.

Asiwepo wa kusema kwamba tiba hii ni anasa ya matajiri. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uganda kwa wanaume 302. Wavu wa bei nafuu, wa aina ya kitambaa cha chandarua kilichosafishwa na kuuliwa vijidudu kitaalamu, ulilinganishwa na wavu wa viwandani wa bei kubwa. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu kati ya wote waliochunguzwa. Arusha, mji unaofuma vyandarua kwa mamilioni, unapaswa kulielewa somo hilo. Ikiwa wavu unaweza kupatikana kwa bei nafuu, isiwe majuma sita ya kupona ndiyo yanayomshinda maskini.

Msomaji wetu wa Unguja na Pemba asidhani kwamba haya ni ya watu wa milimani. Hamali wa bandari ya Malindi, mvuvi avutaye jarife na mchukuzi wa magunia ya karafuu, wote wana ukuta ule ule wa tumbo na njaa ile ile ya kesho.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo ni hatua ya kupongezwa. Lakini mchukuzi hana mwajiri, na bima humlipa daktari, haimlishi mtoto.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa pande zote mbili za Muungano mambo matatu. Kwanza, kila anayetoka hospitali baada ya kushonwa ngiri apewe cheti cha Kiswahili chenye idadi ya majuma na kipimo cha mzigo. Pili, waajiri wakiheshimu cheti hicho, na maofisa wa kazi wafuatilie. Tatu, serikali za vijiji na shehia ziandae msaragambo: majirani wamkatie mgonjwa majani, wamtekee maji, wamchangie chakula hadi siku zake zitimie.

Gharama ya majuma sita ya ujirani mwema ni ndogo kuliko ya kumrudisha mtu yule yule kwenye meza ya upasuaji. Ufa umezibwa; tuuache ukauke.