Otto na Doto

UPEPO WA MWALONI
Na Magesa Lubigisa

Jiwe linalopigwa picha mno jijini Mwanza, lile lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, linaitwa Bismarck. Hilo ni jina la ukoo. Jina ambalo kansela huyo wa Ujerumani alipewa alipozaliwa mwaka 1815 ni fupi, Otto, na masikioni mwa Msukuma lingepita kama ndugu wa Doto. Wapo wanaodai kwamba undugu huo unaishia kwenye sauti: majina yetu yana maana, ya Wazungu ni mlio tu. Kirumba kauli hiyo haikosi wa kuishangilia, lakini haisimami.

Otto lilianza kama kifupisho cha majina marefu ya Kijerumani cha kale, mfano Otfrid, na kiini chake ni neno lililomaanisha mali, utajiri. Mzazi aliyelichagua alikuwa akimwombea mwanawe riziki, sawa na anayemwita wake Baraka. Wafalme walilipenda, Otto wa Kwanza alitawazwa kaisari kule Roma mwaka 962. Kisha lugha ikasonga, lile neno la mali likafa, jina likabaki kama kombe lisilo na konokono. Siku hizi Mjerumani akitaka kumtaja mtu wa kawaida asiye na makuu husema Otto Normalverbraucher, mhusika wa filamu ya mwaka 1948, na jina hilo la pili lilitoka kwenye kadi za mgao wa chakula. Jina la makaisari limeishia kwenye foleni ya mkate!

Mtu ataniuliza: mbona Doto halijachakaa hivyo? Kwa sababu halikutegemea lugha pekee. Limefungwa kwenye tukio: Kulwa ametangulia, Doto amefuata, na atakayezaliwa baada ya pacha hao ni Shija. Hata Dar es Salaam, kwa watu wasiojua neno moja la Kisukuma, ukisikia Doto unauliza Kulwa yuko wapi. Otto lilibeba dua, na dua haionekani kwa macho. Tofauti basi haiko kati ya Mwafrika na Mzungu. Iko kwenye kile ambacho jina limefungwa nacho.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaotaka jina la jiwe lifutwe. Bismarck ndiye aliyefungua mkutano wa Berlin Novemba 1884, na Februari 1885 serikali yake ikaipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi iliyotutia mikononi mwa Wajerumani. Hasira yao naielewa. Hata hivyo, kwa nahodha wa boti na kwa mpiga picha wa harusi, Bismarck ni jiwe, kansela hayumo. Na jina lenyewe asili yake ni Bismark, kamji ka Altmark, kaskazini mwa Ujerumani. Tukilifuta, tutamwondolea kansela ushahidi. Mimi ningeliacha, ila kando ya maji niweke ubao wa Kiswahili unaosema ni nani huyo, alifanya nini mwaka 1885, na kwamba jina lake la kwanza maana yake ni mali. Wenye kuvuka kwenda Kamanga wangeusoma wakisubiri kivuko.