Masisi–Walikale: Filtri inayoingia kwenye motere ya turbo si lazima iwe ndiyo yake

Kwenye maduka ya piesi mjini Goma mambo huenda hivi. Shofere anaomba filtri ya mafuta ya Land Cruiser. Muuzaji anaweka boksi tatu juu ya meza: ya bei ya chini, ya katikati na ya juu. Patroni, aliye kwenye simu, anachagua ya chini. Filtri inajaribiwa kwa mkono kwenye motere, meno yanashika, inazunguka mpaka mwisho. "Inaingia," anasema fundi, na maneno yanakwisha hapo. Wiki chache baadaye gari hiyo imesimama kati ya Nyabiondo na Kashebere, moshi wa bluu nyuma, turbo ikilia kama king'ora, abiria wakishuka kwenye matope huku jua linaelekea kuzama.

Kwa motere isiyo na turbo, kosa la filtri linaweza kujificha miaka. Mafundi wengi wa Kivu walijifunza kazi juu ya 1HZ, ile motere ya lita 4,2 isiyo na turbo iliyo ndani ya Land Cruiser nyingi za mashirika ya kiutu. 1HZ iliwasamehe mengi, na si ajabu wakaamini kwamba filtri yoyote inatosha. Lakini Hilux za 1KD na 1GD, Land Cruiser za V8 zenye 1VD, Fuso nyingi zinazobeba magunia na maharagi, zote zina turbo. Hizo hazisamehe.

Ndani ya turbo kuna mhimili mdogo wa chuma, usio mnene kuliko kidole. Moshi wa moto unaotoka kwenye motere unauzungusha zaidi ya mara 100 000 kwa dakika. Kwa turbo nyingi mhimili huo haukai juu ya rulmani kama gurudumu. Unaelea ndani ya utando wa mafuta, na nafasi kati ya chuma na chuma ni sehemu za mia za milimita. Mafuta hayo ni yale yale ya motere, yaliyopita kwenye filtri na kuingia katika bomba jembamba. Chembe ya uchafu ambayo sehemu nyingine za motere zingeivumilia, hapa inachora chuma. Na mafuta yakichelewa sekunde chache tu, chuma kinagusana na chuma.

Barabara yenyewe inaongeza mzigo. Kutoka Sake, karibu na ziwa, gari inapanda Mushaki na kuingia kwenye milima ya Masisi, mahali pengi juu ya meta 2 000. Huko hewa ni nyepesi, na ili motere ipate hewa ya kutosha turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kuliko gari ile ile, yenye mzigo ule ule, ingezunguka Kisangani. Kisha inashuka kuelekea msitu wa Walikale, kwenye joto na matope, vitesi vya chini saa nzima bila upepo wa kupoza kitu. Ni vigumu kuona barabara inayoonea turbo kuliko hii.

Sasa, ile filtri. Kwa nje filtri mbili zinaweza kufanana kama mapacha, hata rangi. Tofauti iko ndani, na iko hasa katika vitu viwili ambavyo hakuna anayeviuliza dukani.

Cha kwanza ni klape ya kupitisha. Karatasi ikiziba, au mafuta yakiwa mazito kwa baridi, klape hiyo inafunguka ili motere isikose mafuta kabisa. Ni jambo jema, ila mafuta yanayopita hapo hayajachujwa. Kila motere ina kipimo chake cha kufungua. Nyingi zinazunguka bari moja, nyingine chini, nyingine juu zaidi. Filtri yenye resore dhaifu, au iliyotengenezwa kwa motere nyingine, itafungua klape kila asubuhi ya baridi pale Masisi-centre, na kila mara shofere anapokanyaga kupanda. Shofere haoni kitu. Taa ya mafuta haiwaki, maana presha ipo. Turbo inakunywa uchafu taratibu, na mwenye gari anajisifu kwamba amebadilisha filtri juzi tu.

Cha pili ni ule mpira wa ndani unaozuia mafuta yasirudi chini motere ikizimwa. Kwa motere ambazo filtri yake imelala au imegeuzwa, mpira mbaya maana yake ni kwamba usiku kucha filtri inajimwaga. Asubuhi taa ya mafuta inachelewa kuzimika, motere inagonga kidogo, na turbo tayari inazunguka juu ya chuma kikavu. Mpira wa silikoni unavumilia joto kuliko mpira mweusi wa kawaida, ambao unakuwa mgumu kama plastiki. Silikoni mara nyingi ni ya rangi ya machungwa au nyekundu. Lakini rangi inaweza kuigwa na yeyote. Afadhali kuubonyeza kwa kidole safi kupitia tundu na kuona kama unarudi.

Kuhusu ubora wa kuchuja, kuna hila ya kwenye boksi. Filtri inaandikwa "mikroni 20" na watu wanafurahi. Nambari hiyo peke yake haisemi kitu, kwa sababu hata chandarua kitashika baadhi ya chembe za ukubwa huo. La kuuliza ni inashika ngapi katika kila mia. Viwanda vinavyojiheshimu vinapima kwa kanuni ya kimataifa ISO 4548-12 na kusema asilimia. Tena, filtri inayochuja vidogo kabisa si lazima iwe bora: ikiwa karatasi yake ni fupi, itaziba haraka kwa masizi ya mazuti, na klape ile ile itafunguka.

Na kuna hatari ya meno, ambayo ndiyo inayoonyesha vizuri ubaya wa neno "inaingia". Filtri nyingi zina meno ya milimita 20. Nyingine zina meno ya robo tatu za inchi, yaani milimita 19,05. Ile ya 20 inaweza kupanda juu ya skuru ya robo tatu. Inazunguka, inaonekana imekaza, lakini imeshika kwa ncha za meno tu. Presha ikipanda, inaweza kuruka. Mafuta yote yanamwagika barabarani kwa dakika chache, na hapo si turbo pekee inayokufa.

Kwa hiyo jina la gari halitoshi dukani. Land Cruiser ya aina ya 70 imeuzwa na 1HZ isiyo na turbo, imeuzwa na 1HD yenye turbo, imeuzwa na V8 ya mazuti, na sura ya nje ni moja. Yafaa kwenda na jina la motere lililoandikwa juu ya chuma chake, na nambari ya filtri iliyo katika kitabu cha gari au kwenye katalogi ya kiwanda. Nambari hiyo ikipatikana mara moja, iandikwe kwa rangi ndani ya boneti. Muuzaji akisema "hii ni sawasawa na ile", aonyeshe katalogi inayosema klape inafungua kwa kipimo gani. Wengi hawataweza, na hilo nalo ni jibu.

Wapatroni wana hoja yao, na si hoja ya kudharau. Wanasema barabara imekwisha kuwala kabla hawajafika kwenye filtri. Ni kweli. Mwaka 2017 shirika la utafiti IPIS la Ubelgiji lilihesabu barieri 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na tangu hapo vita vimebadilisha wanaosimama kwenye barieri zaidi ya kuziondoa. Mtu aliyelipa hapa na pale mpaka Walikale anatafuta mahali pa kuokoa dola chache, na filtri ni kitu kidogo kisichoonekana.

Lakini hesabu hiyo inafanywa Goma na mtu ambaye hatalala barabarani. Gari ikifa kati ya Kibua na Mpofi, anayebaki nayo ni shofere na konveya wake. Ni wao wanaozungumza na wenye silaha usiku, wao wanaolinda mzigo wa watu, wao wanaomtafutia njia mama mwenye mimba aliyekuwa anaelekea hospitali. Kisha piesi haiji. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Walikale-centre kutekwa Machi na kuachwa mwanzoni mwa Aprili mwaka huo huo, turbo iliyokufa upande wa Walikale haiwezi kutegemea tena kamiyo ya kesho kutoka Goma. Njia nyingine ni barabara ya kitaifa namba 3 kutoka Kisangani kupitia Lubutu, na hiyo nayo ina matope yake. Turbo inagharimu mamia ya dola kabla ya kuhesabu siku zilizopotea. Mwenye kuokoa dola tano katika hali hii hajaokoa.

Kibaya zaidi ni wale wanaokata turbo kwenye mshahara wa shofere, kwa madai kwamba aliendesha vibaya. Wakati mwingine ni kweli: kuzima motere mara tu baada ya kumaliza mlima, bila kuiacha ipumzike dakika moja au mbili, kunachoma mafuta ndani ya turbo mpaka yawe makaa. Vumbi nyeusi ya mawe ya Nyiragongo ikipita kwenye bomba la hewa lililopasuka, hakuna filtri ya mafuta itakayoizuia. Na kuna mafundi wanaoosha filtri ya zamani kwa mazuti na kuirudisha, kazi inayosukuma uchafu kutoka upande mchafu kwenda upande safi. Lakini aliyeamua boksi gani inunuliwe ndiye anayepaswa kubeba sehemu yake ya kwanza.

Kuna pia wajibu wa ofisi. OCC ipo mpakani kwa ajili ya kuhakikisha kwamba bidhaa zinazoingia zinalingana na kanuni. Filtri si unga wala dawa, haimuui mtu mezani, kwa hiyo ni rahisi kuisahau. Hata hivyo kupasua filtri moja katika kila katoni na kutazama kama klape ipo ni kazi ya dakika kumi. Zipo filtri sokoni ambazo ndani hazina zaidi ya karatasi iliyobandikwa kwa gundi, na gundi ikiachia, vipande vya karatasi vinaziba bomba jembamba la turbo. Chama cha mashofere, ACCO, nacho kingeweza kudai kwamba gari yoyote ya turbo inayovuka Sake iwe na filtri mbili za akiba zenye nambari ya kweli, zilizonunuliwa na mwenye gari, pamoja na mafuta ya kubadilisha.

Na bila kungoja ofisi wala chama, kuna jambo ambalo garaji yoyote ya Goma, Sake au Mubi inaweza kuanza kesho. Filtri ya zamani isitupwe. Ipasuliwe kwa kikata bomba, si kwa msumeno, maana msumeno unaacha chembe zake mwenyewe. Karatasi ikamuliwe, ifunguliwe juani. Ikiwa na masizi meusi peke yake, motere inazeeka kawaida. Iking'aa kwa vumbi la chuma au la shaba, turbo au motere imeanza kuliwa, na safari ya Walikale ingoje. Kazi hiyo ifanywe mbele ya patroni na shofere wote wawili, kabla ya gari kupakiwa.