Mashine ya kufua na kukausha: usiinunue kwa hela ya mzigo

Wakuu, leo naomba niseme kitu ambacho wengine hamtakipenda.

Kila masika ikianza naona posti zinafanana. Mtu anauza nguo za mtumba mtandaoni, amepanga chumba na sebule, nguo mbichi zimening'inia mpaka juu ya kitanda, halafu anauliza: "Wadau, ninunue ile mashine inayofua na kukausha hapohapo?" Chini yake watu kibao wanamjibu: "Nunua tu, jipe raha, umeteseka sana."

Mimi nasema subiri kwanza. Siyo kwamba mashine ni mbaya. Ninayo, ipo nyuma yangu inazunguka sasa hivi ninavyoandika. Ila kwa sisi wauzaji ile siyo zawadi ya kujipa. Ni mfanyakazi, na anakula kabla hajazalisha. Ukimwajiri kwa hela ya kununulia mzigo, mtalala njaa wote wawili. Yalinikuta, ndiyo maana naongea.

Nauza nguo za watoto. Nachagua Karume alfajiri, nafua, napiga pasi, napiga picha, naposti. Kufua na kupasi ndiyo biashara yenyewe. Gauni likiwa limekunjamana nauza 3,500, likiwa safi limenyooka linaenda 5,000 na mama wa mtoto habishi. Shida yangu ilikuwa masika. Machi mpaka Mei hapa Dar nguo inakaa kambani siku tatu, inakauka nusu, halafu inaanza kuvunda.

Kuna mwaka nilituma fungu la nguo Njombe kwa basi zikiwa na unyevu kidogo kwenye mishono. Nilijua. Nikajipa moyo kwamba zitakauka njiani. Zilifika zinanuka. Mteja hakunitukana, aliniandikia tu: "Kaka, hizi ni za mtoto mchanga." Nikamrudishia hela yake yote, lakini hajanunua kwangu tena.

Februari iliyofuata nilikuwa na mtaji wa 1,400,000. Nikanunua mashine ya mtumba kwa 950,000. Usafiri, fundi bomba na stebilaiza vikala 120,000. Nikabaki na 330,000 mkononi na mashine chumbani. Nilijiona bosi.

KOSA LA KWANZA: NILISOMA NAMBA KUBWA

Kwenye stika ya mashine yangu imeandikwa 8/5. Mimi niliona 8 tu. Kumbe 8 ni kilo za kufua, na 5 ni kilo za kukausha. Karibu mashine zote za aina hii ziko hivyo, za kukausha ni chache kuliko za kufua. Sababu ni kwamba ili nguo ikauke lazima ipate nafasi ya kurukaruka ndani na hewa ya moto ipite katikati. Ukijaza, zinasongamana, zinatoka zina joto lakini mbichi, na zimekunjamana kama zimetafunwa na ng'ombe.

Kwa hiyo ukifua kilo 8, unatoa karibu nusu ukaushe zilizobaki, halafu unarudisha zile nyingine. Na kukausha siyo dakika kumi. Kwangu raundi moja ya kilo 5, kufua mpaka kukauka, ni kama saa tano. Umeme ukikatika katikati, umebaki na nguo za uvuguvugu zilizofungiwa, na harufu uliyoikimbia inakusubiri humohumo.

Halafu maji. Mashine hizi nyingi hazina bomba la kutoa hewa ya moto nje ya ukuta, ndiyo maana zinafaa chumba kidogo. Badala yake zinapoza ule mvuke ndani kwa ndani uwe maji, kisha yanatoka kwa mpira wa maji machafu. Nyingi zinatumia maji baridi ya bomba kufanya hiyo kazi. Maana yake hata kwenye kukausha unahitaji maji. Yangu ni hivyo, na siku bomba likikata nguo hazikauki vizuri hata iungurume usiku kucha. Muulize muuzaji jambo hili kabla hujatoa hela.

KOSA LA PILI: MASWETA

Mei baridi inaanza Njombe na Mbeya, wateja wangu wa huko wanataka masweta. Nikachukua masweta 30, nikaingiza 14 kwenye mashine, nikawasha kukausha, nikalala. Asubuhi sweta la mtoto wa miaka sita lilikuwa linamtosha mdoli. Sufi na joto na kuzunguka haviendani kabisa. Yote 14 yakaishia kuwa matambara.

Ona hapo: msimu niliomnunulia mashine ndiyo msimu wa bidhaa ambayo mashine haiwezi kuikausha.

Sisi wa mtumba tuna bahati moja, nguo zetu nyingi bado zina lebo. Angalia alama ya mraba wenye duara ndani. Hiyo inaongelea kukausha kwa mashine. Ikiwa na nukta moja ni joto dogo, nukta mbili joto la kawaida. Ikiwa imepigwa mkasi, yaani X juu yake, usithubutu. Nguo isiyo na lebo ichukulie kama imepigwa X.

KOSA LA TATU, NA HILI NDILO LINALONIUMA

Nyumba ninayokaa tuko wawili tu kwenye LUKU moja, mimi na Bibi mwenye nyumba. Bibi anauza vitumbua asubuhi. Hatuna friji wote. Matumizi yalikuwa taa, televisheni yake na pasi yangu, tulikuwa hatufiki uniti 75 kwa mwezi. Wanaojua LUKU wanajua maana yake: kwenye lile kundi la matumizi madogo uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, lakini zile zinazozidi 75 zinaruka mpaka 350. Tulikuwa tunalipa kama 9,000 kwa mwezi, tunagawana nusu kwa nusu.

Mashine yangu ikifua na kukausha raundi moja inakula kama uniti 4. Aprili nikapiga raundi 20. Hizo ni uniti 80, yaani peke yake imeshavuka 75. Mwezi ule umeme ulikaribia 40,000, na mimi nikagawana na Bibi nusu kwa nusu kama kawaida. Sikusema kitu. Nilijiambia mwezi ukiisha nitaongea naye.

Siku moja narudi jioni nikamkuta barazani amekaa gizani. Taa amezima, televisheni amechomoa. Nikamuuliza, "Bibi, umeme umekatika?" Akasema, "Hapana mjukuu wangu. Umeme siku hizi unakimbia sana, nadhani ile tivii yangu imezeeka, inakula. Nimeona niipumzishe."

Ndugu zangu, nilikosa pa kuweka uso. Nilikuwa naijua sababu, ipo chumbani kwangu inanguruma. Bibi wa vitumbua alikuwa ananilipia mfanyakazi wangu mshahara.

Nilimwambia ukweli palepale. Hakugomba. Aliuliza tu, "Sasa kwa nini hukusema?" Nikamrudishia hela yake kutoka kwenye ule mtaji uliobaki, kisha nikamwita fundi umeme akafunga mita ndogo kwenye laini yangu. Sasa hivi uniti zangu nasoma mwenyewe, na kila kinachozidi 75 nalipa mimi peke yangu, kwa bei ile ya juu. Bibi analipa kama alivyokuwa analipa zamani.

Kwa hiyo kama mnachangia LUKU, kabla hujauliza bei ya mashine, kaa chini na wenzako muongee. Wewe unaona oda zinatoka, mwenzako anaona uniti zinaisha tu.

TUPIGE HESABU

Form four hesabu nilipata F, kwa hiyo kama mimi nimeiweza hii, wewe huwezi kushindwa.

Umeme: uniti 4 kwa bei ya juu, ukiweka na makato, ni kama 1,720 kwa raundi. Kilo 5 za nguo za watoto kwangu ni kama nguo 25. Gawanya, inakuja kama shilingi 70 kwa nguo. Ni ndogo. Wanaosema "umeme utakuua" hawajapiga hesabu. Mimi sikuumizwa na umeme wa kwenye nguo, nguo inajilipia. Bibi ndiye hakuwa na nguo 25 za kugawia ile gharama.

Mapato: bila mashine, masika nilikuwa natoa nguo 40 kwa wiki. Kwa mashine naweza kutoa 70. Nyongeza ni nguo 30, faida kama 2,000 kila moja, ni 60,000 kwa wiki. Masika tuseme wiki kumi, ni 600,000. Mashine pamoja na kufunga ilinigharimu 1,070,000. Kwa hiyo inahitaji karibu masika mbili kurudisha hela yake. Vuli inasaidia kidogo. Miezi mingine jua linakausha bure, na jua haliombi mshahara.

Sasa angalia mtego ulipo. Hizo nguo 30 za nyongeza zinatoka wapi? Zinanunuliwa! Mimi na 330,000 yangu, niliyokuwa naitoa humohumo kodi, chakula na nauli, sikuwa na uwezo wa kuongeza mzigo. Masika yangu ya kwanza mashine ilikausha nguo zilezile 40 ambazo ningezikausha kwa kuhangaika. Nilinunua uwezo wa kukausha nguo nisizokuwa nazo. Ilinichukua mpaka Oktoba kurudi kwenye mtaji niliokuwa nao Februari.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: nunua mashine kwa faida uliyoiweka pembeni, siku ambayo mzigo upo wa kutosha na kinachokukwamisha ni kukausha tu. Kama kinachokukwamisha ni mzigo au wateja, mashine haitakusaidia. Itakaa chumbani inakuangalia.

Najua kuna wa upande wa pili, wanaosema kutumia mashine ni uvivu, mikono ipo. Hapana. Mikono ikifua nguo 70 kwa wiki, nani anajibu wateja? Nani anaenda Karume? Muda wako nao ni hela. Ninachokataa ni kununua kwa sababu mwenzako kaposti yake.

KWA WENYE NAYO TAYARI

Sasa hivi sikaushi kwa mashine mwanzo mwisho. Nafanya hivi:

1. Nafua kwa maji baridi na kukamua kwa mzunguko wa juu kabisa ambao nguo inaruhusu. Maji yanayotoka kwa kukamua hayahitaji kukaushwa kwa moto, na moto ndiyo unaokula umeme.

2. Natundika ndani kwenye kamba, dirisha wazi, feni inapuliza usiku. Feni ya kawaida usiku mzima ni kama nusu uniti.

3. Asubuhi zile zenye unyevu kwenye mishono na viuno vya suruali namalizia kwa mashine dakika 30 au 40. Kutoka uniti 4 nimeshuka mpaka chini ya 2.

4. Oda ya haraka ya kusafiri jioni, hiyo ndiyo naikausha moja kwa moja, na haizidi kilo 5.

5. Taulo na blanketi nafua peke yake. Baada ya hapo nazungusha maji matupu dakika chache, la sivyo manyoya yote yanahamia kwenye nguo nyeusi za mteja.

6. Kabla ya kufunga mzigo nabonyeza mshono kwa vidole na kuweka shavuni. Ukihisi ubaridi, bado. Hauendi basi.

Na ukinunua ya mtumba, hakikisha unaiona ikikausha mpaka mwisho, siyo kuzunguka tu. Nyingi zinafua vizuri kumbe upande wa moto umekufa. Kaa hapo saa tatu, ni hela yako. Iweke kwenye sakafu iliyonyooka, maana ikiyumba inatembea chumba kizima na kuamsha wapangaji.

Bibi bado ananitania. Nikiwasha mashine anagonga mlango, "Mjukuu wangu, leo nani analipa?" Namjibu, "Mimi Bibi." Anacheka, anarudi kuangalia tivii yake.

Wewe unayetaka kununua msimu huu, jibu hapo chini maswali matatu: nguo ngapi kwa wiki zinakwama kwa sababu hazijakauka? Hela ya mashine inatoka kwenye faida au kwenye mzigo? Na LUKU mnachangia na nani?

Ukiweza kuyajibu yote, nunua. Ukishindwa hata moja, ongeza kamba na feni kwanza.